Ziwa likifungwa miezi mitatu: jinsi ya kuunda zana ya kuuelewa mjadala

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazopakana na ziwa hilo: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Sababu iliyotolewa ni kuwapa samaki muda wa kuzaliana na kukua. Sera hiyo inaandikika katika mstari mmoja. Mjadala wake hauandikiki hivyo. Mwaloni Kibirizi, Kigoma, utamsikia mmoja akisema samaki wamepungua, lazima wapumzishwe. Wa pili anauliza faida iko wapi kama ng'ambo wanaendelea kuvua. Wa tatu anasema kinachopunguza dagaa ni joto la maji, nyavu zinasingiziwa tu. Wa nne anaanika dagaa kwa ujira, naye anataka kujua watoto watakula nini hadi Agosti.

Wote wanne wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Kazi ya zana shirikishi ni kuyatenganisha maswali hayo, kisha kumwachia mtu ayashike kwa mikono yake. Kwa zana shirikishi tunamaanisha kitu chochote ambacho mtumiaji anabadilisha jambo na kuona matokeo yakibadilika papo hapo: ukurasa wa simu, menyu ya kubonyeza namba, au bakuli la maharage juu ya mkeka. Makala hii inatumia mjadala wa kufunga ziwa kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, lakini hatua zilezile zinafaa kwa mjadala wa bei ya tumbaku Urambo au wa mipaka ya hifadhi ya misitu Uvinza.

Hoja kwanza, programu baadaye

Zana nyingi huharibika kabla hata ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Mbunifu anachukua ripoti ya wataalamu, anaigeuza kuwa michoro inayosogea, na mwisho anakuwa na ripoti ileile yenye rangi. Anza na maneno ya watu wenyewe. Kusanya sentensi 30 hadi 40 kutoka kwa wenye vyombo, wavuvi wa kulipwa kwa mgao, wachuuzi, waanikaji, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi), maofisa uvuvi na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, walioko Kigoma. Kila sentensi iandikwe kwenye kadi yake kama ilivyosemwa, bila kuisafisha.

Kisha gawa kadi katika mafungu matatu. La kwanza ni mambo yanayopimika: «Vyombo vimeongezeka kuliko zamani.» La pili ni utabiri: «Tukifunga, Agosti tutavua mara mbili.» La tatu ni mambo ya kuchagua, yasiyo na mizani ya kupimia: «Mtoto wa leo asilale njaa kwa ajili ya samaki wa kesho.» Kadi ngumu ni zile zilizobeba mafungu mawili. «Kufunga ziwa kunamwonea maskini» ina dai linalopimika, yaani nani anapoteza kipato na kiasi gani, pamoja na hukumu kwamba kupoteza huko si haki. Ikate iwe kadi mbili. Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na mtengenezaji akipaharakisha atajikuta baadaye anatumia mchoro kumjibu mtu aliyeuliza swali la haki.

Baada ya kugawa, wape watu kadi wazipange katika marundo ya nakubali, sikubali, na sijui. Usiruhusu kujibizana wakati wa kupanga. Jukwaa la mtandaoni la Polis, lililotumika Taiwan mwaka 2015 katika mjadala wa huduma ya teksi ya Uber, lilijengwa juu ya kanuni hiyo: mtu anapiga kura juu ya kauli au anaandika kauli yake mpya, lakini hakuna mahali pa kumjibu mwenzake, kwa hiyo ugomvi haupati pa kuanzia. Kadi za karatasi hufanya vivyo hivyo bila intaneti. Angalia kadi zinazokubaliwa na makundi yanayopingana, maana hizo huwa msingi wa zana, na mtu wa upande wowote akizikuta mwanzoni hatahisi kuwa amewekewa mtego.

Ziwa la mfano

Fungu la pili, la utabiri, ndilo linalohitaji hesabu. Hesabu iwe ndogo kiasi kwamba mwalimu wa sekondari anaweza kuikagua kwa kalamu.

Chukua ziwa la mfano lenye nafasi ya dagaa 1,000. Namba hiyo si tani wala beseni, ni kipimo cha kuigizia tu. Dagaa wakiwa wachache huongezeka kwa karibu asilimia 20 kila mwezi, na kadiri wanavyokaribia 1,000 chakula hubana na ongezeko hupungua hadi sifuri. Kwa hesabu: ongezeko la mwezi = 0.2 × wingi × (1 − wingi ÷ 1,000). Uvuvi huondoa asilimia fulani ya wingi kila mwezi, na tuiite asilimia hiyo nguvu ya uvuvi. Injini nzima ni hiyo, na programu yake haizidi mistari kumi.

Sasa badilisha nguvu ya uvuvi, kitufe cha kwanza cha zana. Ikiwa asilimia 10, ziwa hutulia kwenye wingi wa 500 na mavuno ni 600 kwa mwaka. Ipandishe iwe asilimia 15, wingi unashuka hadi 250 na mavuno yanakuwa 450. Ishushe hadi asilimia 5, wingi unapanda hadi 750 na mavuno ni 450 yaleyale. Yaani nguvu mara tatu, mafuta mara tatu, usiku wa kazi mara tatu, kwa samaki walewale. Jambo hili likielezwa kwa maneno husikika kama mahubiri ya ofisini. Mtu akilisogeza mwenyewe kwa kidole, akaona mstari wa mavuno unapanda, unafika kilele halafu unashuka, swali analouliza huwa jingine: sisi tuko upande gani wa kilele?

Funga ziwa hilo miezi mitatu likiwa kwenye 250. Wingi unafika kama 373. Fungua, rudi kwenye asilimia 15: mwezi wa kwanza mavuno ni 56 badala ya 37.5, na kwa miezi tisa iliyobaki jumla ni 463. Bila kufunga, miezi 12 ingeleta 450. Kwa mwaka wa kwanza basi tofauti ya mavuno ni ndogo sana, ila mwaka unaisha ziwa likiwa na 315 badala ya 250.

Sasa ongeza jambo ambalo kila mvuvi analijua. Siku ya kufungua, kila mwenye chombo anataka kufidia miezi mitatu. Weka nguvu ya asilimia 25 kwa miezi mitatu tu: mavuno ni 93, kisha 82, kisha 72, na wingi unarudi 257. Chote kilichoongezeka wakati wa kufunga kimeliwa. Katika ziwa hili la mfano, swali la kufunga au kutofunga lina uzito mdogo kuliko swali la nini kinafanyika siku 90 baada ya kufungua, na swali hilo la pili kwa kawaida halipewi hata dakika tano mkutanoni.

Baada ya nguvu, kufunga na pupa hiyo, kitufe cha nne ni majirani. Kwa eneo, Kongo ina kama asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Tukikisia kwamba nguvu ya uvuvi imegawanyika kwa uwiano huo na samaki wanazunguka ziwa lote, Tanzania ikifunga peke yake wingi unapanda hadi 296 tu badala ya 373, yaani faida ni kidogo zaidi ya theluthi moja ya ile ya kufunga wote. Makisio hayo mawili yana walakini, kwa sababu vyombo havikugawanyika kwa uwiano wa maji, na ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670. Kwa hiyo zana iyaonyeshe wazi na iruhusu yabadilishwe.

Cha tano ni joto. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini katika Ziwa Tanganyika huenda ulishuka kwa karibu asilimia 20, na mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30, kutokana na maji kupata joto. Maji ya juu yakiwa na joto zaidi huelea juu ya yale baridi na kukataa kuchanganyika nayo, hivyo upepo wa kusini wa kiangazi unapata shida kupandisha virutubisho kutoka chini. Upepo huo huvuma kati ya Mei na Septemba, ndani ya miezi ileile ya kufunga. Katika ziwa la mfano, joto ni kupunguza nafasi kutoka 1,000 hadi 800. Bila chombo kimoja kuongezeka, mavuno ya mwaka yanashuka kutoka 450 hadi 360.

Lakini ukirudisha nafasi kuwa 1,000 na kupandisha nguvu ya uvuvi kutoka asilimia 15 hadi kama 16.3, unapata 360 ileile. Visababishi viwili tofauti, mavuno yaleyale. Maana yake ni kwamba mtu anayeshika rekodi ya mavuno peke yake na kudai imethibitisha kosa la wavuvi, au la joto, anadai kuliko rekodi inavyoweza kubeba. Zana ikishamwonyesha mtumiaji hilo, imweleze pia kinachohitajika ili kutenganisha: hesabu ya vyombo na taa iliyochukuliwa peke yake, vipimo vya joto kwa vina mbalimbali, na ukubwa wa samaki wanaonaswa. Mbele ya vitufe hivi viwili ndipo watu wa pande zote hunyamaza kidogo wakafikiri, kwa hiyo visifichwe kwenye ukurasa wa nyuma.

Namba za mfano zisivae sura ya vipimo. Kila skrini iandike «ziwa la mfano», na namba za kweli za kasi ya kuongezeka zitoke kwa watafiti. Dagaa na migebuka wasichanganywe pia. Dagaa huishi takribani mwaka mmoja, kwa hiyo miezi mitatu ni sehemu kubwa ya maisha yao. Mgebuka, anayekula dagaa, huchukua miaka kukua, na kwake kufungwa kwa muda mfupi kuna maana nyingine. Kama nafasi inaruhusu samaki mmoja tu, chagua dagaa na useme hivyo.

Skrini

Vitufe visizidi vitano. Vikifika vinane mtu hucheza navyo bila kujua kipi kimeleta nini. Vitano vya mjadala huu ni nguvu ya uvuvi, urefu wa kufunga, pupa baada ya kufungua, majirani, na joto. Badala ya asilimia tupu, kila kitufe kiwe na ngazi nne zenye maelezo. Serikali ya Uingereza ilipotoa kikokotoo chake cha nishati cha 2050 mwaka 2010, sekta nyingi ziliwekewa ngazi 1 hadi 4, kuanzia kutofanya lolote hadi juhudi ya kupindukia, na kila ngazi ilielezwa kwa vitu vinavyoonekana. Hapa «asilimia 25» iwe «kila chombo kinatoka kila usiku wa giza, na vya ziada vinakodiwa».

Muda nao uhesabiwe kama mwaloni. Uvuvi wa taa hufuata giza, na mbalamwezi ikiwa kali vyombo vingi hupumzika. Ukichora mhimili wa Januari hadi Desemba bila mapengo hayo, mvuvi anagundua kwa jicho moja kwamba aliyeuchora hajawahi kuulizia.

Kabla ya kuonyesha matokeo, mwombe mtumiaji akisie: «Unadhani miezi mitatu baada ya kufungua samaki watakuwa wangapi? Chora.» Kidole kinachora mstari, kisha mstari wa hesabu unatokea juu yake. Mtu aliyekisia huangalia tofauti na kutaka kujua sababu. Aliyeonyeshwa jibu moja kwa moja huona kana kwamba alilijua tangu zamani.

Hatari kubwa iko kwenye thamani za kuanzia. Wengi hawagusi zaidi ya vitufe viwili, hivyo mahali vilipoachwa na mbunifu ndipo panapokuwa ukweli wao. Zana ikifunguka huku pupa ikiwa sifuri na majirani wote wamefunga, imeshaipigia debe serikali. Ikifunguka na Tanzania peke yake, imeupigia debe upande wa pili. Njia salama ni kuanza na vitufe vitupu: hakuna mchoro mpaka mtumiaji achague kila kimoja. Inachosha kidogo, lakini ni gharama ya haki. Usitumie pia nyekundu na kijani kwa kufunga na kufungua. Rangi hizo zinahukumu, na wapo wasiozitofautisha. Bluu na rangi ya chungwa zinatosha. Mhimili wa wima uanzie sifuri, vinginevyo ile tofauti ya 463 na 450 itaonekana kama mlima.

Mstari mmoja wa jumla ya mwaka hauwezi kusimama peke yake. Kati ya Mei 15 na Agosti 15 kuna wiki 13. Weka swali: akiba ya nyumbani inatosha wiki ngapi? Mtu akijibu tatu, skrini inaacha wiki tatu na kuzipaka giza kumi zilizobaki. Chini yake waweke wanaoguswa kila mmoja na mstari wake: mwenye chombo, mvuvi wa mgao, mwanikaji, mchuuzi, mlaji wa Tabora anayesubiri dagaa wa treni. Mwenye chombo anaweza kupata hasara na kuirudisha Septemba. Mwanikaji anayelipwa kwa siku harudishiwi siku zake. Kisha zitolewe njia za kubeba gharama (mkopo, msaada wa chakula, kufunga mwezi mmoja mara kadhaa, kuzuia pupa kwa kupunguza usiku wa kuvua) na mtumiaji achague nani abebe nini. Hapo ni fungu la tatu, la kuchagua, na hesabu haina ruhusa ya kutoa alama.

Hili la alama tunalishikilia. Zana za kumlinganisha mpiga kura na vyama, kama StemWijzer ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1989 kwenye karatasi, humaliza kwa kukuambia umefanana na nani. Kwa kupiga kura inafaa. Kwa kuelewa mjadala inaharibu, maana mtu hukimbilia matokeo na kuacha njia iliyomfikisha. Mwisho wa zana hii uwe sentensi inayoundwa na chaguo zake mwenyewe: «Unaunga mkono kufunga ikiwa majirani watatu watafunga na mwanikaji atapata chakula cha wiki kumi.» Sentensi ya namna hiyo inaweza kusomwa mkutanoni.

Simu, redio, bakuli

Ukurasa wote uwe faili moja lisilozidi kilobaiti 300, lisilovuta herufi wala picha kutoka kwingine, ili likishafunguka mara moja lifanye kazi bila bando na liweze kutumwa kwa WhatsApp. Watu watapiga picha skrini na kuisambaza, kwa hiyo makisio yaandikwe ndani ya mchoro wenyewe. Yakiwa pembeni yatakatwa, na kesho mstari wa pupa sifuri utazunguka kwenye makundi kama utabiri rasmi. Usikusanye majina wala namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inabana anayekusanya, na mvuvi anayehisi majibu yake yanaweza kumfikia mtu wa leseni hatajibu kwa ukweli.

Menyu ya kubonyeza inamfikia mwenye kitochi, lakini ukurasa mmoja hubeba herufi 160 hivi na muda ukipita kikao hukatika. Swali moja kwa ukurasa, chaguo tatu, na namba fupi yenyewe inahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na makubaliano na mitandao ya simu. Kwa mradi mdogo, kipindi cha redio ambamo mtangazaji anasogeza vitufe huku wasikilizaji wakituma makisio kitafika mbali zaidi.

Bakuli lisidharauliwe. Tia maharage 50 katika bakuli lisiloruhusiwa kuzidi 100. Makundi manne, kila moja nchi. Kila zamu kila kundi linaandika kwa siri idadi litakayochota, yanachota pamoja, kisha msimamizi anaongeza kwa jedwali hili: yakibaki karibu 10 ongeza 4, 25 ongeza 8, 50 ongeza 10, 75 ongeza 8, 90 ongeza 4. Cheza zamu nane bila kuongea, kisha nane za kuongea kabla ya kuandika. Jedwali libandikwe wote walione. Likifichwa, mchezo unageuka wa kubahatisha na wachezaji watamlaumu msimamizi. Tumia maharage ya ukubwa mmoja, na mtu asiyecheza awe mhesabu.

Kujaribu

Mizunguko mitatu ya watu watano au sita inaonyesha makosa mengi kuliko mzunguko mmoja wa watu 18, kwa sababu kati ya mizunguko unarekebisha. Changanya: anayesoma kwa shida, anayezungumza Kiha nyumbani, mwenye vyombo, mwanikaji. Usimuulize mtu kama amependa. Kabla ya kutumia zana, mwombe aeleze hoja ya upande asioukubali, umrekodi kwa ruhusa yake. Baada ya kutumia, aeleze tena. Kisha cheza rekodi zote mbili kwa mtu wa upande huo, bila kumwambia ipi ya kwanza, achague inayomsema vizuri. Ikichaguliwa ya pili mara nyingi, zana inafanya kazi. Ikiwa nusu kwa nusu, haijafanya kitu, hata kama kila mtu amesifu rangi zake.

Mwisho, makisio yote yachapwe kwenye karatasi moja: kila namba, imetoka wapi, tarehe, na nani alipinga. Afisa uvuvi na mvuvi wa mgao wasaini kwamba wameisoma, hata kama hawakubaliani, na nakala ibandikwe ofisi ya BMU ambako mtu anaweza kuchukua kalamu na kuandika namba yake pembeni. Namba hizo za pembeni ndizo zinazoingia kwenye toleo linalofuata.